Tusome Daftari, Tusiabudu Kitabu

Ipo kasumba moja ambayo haijatutoka bado: kudhani kwamba elimu ya kujenga ilizaliwa Ulaya, ikafungwa vitabuni, ikaletwa kwetu kwa meli. Kijana wetu anayesomea usanifu wa majengo hukabidhiwa kitabu cha Le Corbusier kilichotoka Ufaransa mwaka 1923, akasoma humo kwamba nyumba ni ya kufananishwa na mashine. Hukariri, hufaulu, kisha hutujengea sanduku la vioo. Mimi nimetumikia miaka mingi katika ofisi ya namna hiyo. Ukuta wake wa vioo umekabili magharibi. Ifikapo saa tisa alasiri hufunga mapazia, tukawasha taa mchana, tukalilia feni. Je, hiyo ndiyo mashine?

Sivilaani vitabu; naulaumu usomaji wetu. Maana Le Corbusier huyo huyo aliacha madaftari ya michoro, yaliyochapishwa katika miaka ya 1980, nayo yanatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 23, alifunga safari kupitia nchi za Balkani hadi Istanbul na Athens, akichora misikiti, magofu na nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1931 alifika Bonde la Mzab, Algeria, akazichora nyumba za Waafrika wenzetu wa jangwani. Kumbe mwalimu tunayemtukuza alikuwa mwanafunzi wa mafundi wasioandika kitabu! Sisi tumeyachukua majibu yake, tukaiacha njia yake.

Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu waliopata kuketi mbele ya nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja, wakaupima unene wa ukuta wa matumbawe na chokaa, wakauliza kwa nini chumba ni kirefu na chembamba? Wangejibiwa na boriti ya mkoko, kwani urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba. Wangeuona ua wa ndani uletao mwanga na hewa bila kuvunja sitara ya wenyeji, na baraza impokeayo mgeni kabla hajavuka kizingiti. Hiyo ni nadharia kamili. Iliyokosa ni kalamu tu.

Atasema mtu, “Wataka turudi nyuma?” Hasha! Mtanzania Beda Amuli alitumia saruji alipolisanifu Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, akaliezeka kwa miavuli mikubwa iwapayo wauzaji na wanunuzi kivuli. Moto wa mwaka 2021 uliliunguza soko hilo. Funzo lake haukuliunguza.

Basi, walimu, wapeni vijana daftari na penseli, wakaanzie kwenye nyumba za babu zao. Fundi mzee akifariki, na kuta zake zikabomolewa kabla ya kuchorwa, hakuna maktaba ya Paris itakayoturudishia. Usiache mbachao kwa msala upitao.