Hasira za Mtoto Si Jini Kila Mara

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mtoto anayelipuka kwa ghadhabu kila kukicha huambiwa ana kiburi au amepagawa. Huchapwa, kisha hupelekwa kwa mganga. Hatukanushi kuwapo kwa majini, Qur'ani Tukufu imewataja. Tunachokanusha ni haraka ya kuwasingizia.

Tangu 2013 matabibu wameyatambua maradhi ambayo ghadhabu kali humpanda mtoto mara tatu au zaidi kwa wiki, mwaka mzima, na baina yake hubaki amenuna. Akiachwa bila tiba, aweza kukua na sonona. Wengine hulipuka kwa hofu waliyopitia; Ngara, iliyopokea watoto wengi mno kutoka Rwanda mwaka 1994, haihitaji kufundishwa hilo.

Tiba huanza kwa wazazi: kauli tulivu, utaratibu usioyumba, sifa mtoto anapojizuia. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aliyeghadhibika, akiwa amesimama, aketi. Agizo hilo linamhusu kwanza baba mwenye fimbo.

Mpelekeni mtoto zahanati, aandikiwe rufaa, ikibidi hadi Bugando, Mwanza. Ruqya na dua haviharamishwi na safari hiyo.