Moyo Haulindwi kwa Vidonge vya Homoni

Imani kwamba homoni hulinda moyo wa mwanamke ina mvuto kwa sababu haihitaji maelezo marefu. Mwanamke akiwa bado anaona siku zake, mshtuko wa moyo humpata kwa nadra kuliko mwanamume wa rika lake. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inapungua, na miaka michache baadaye moyo unaanza kusumbua. Basi, tunaambiwa, rudisha homoni na moyo utakuwa salama. Maneno haya yanasemwa na baadhi ya madaktari, yanasemwa na wauza virutubisho, yanazunguka katika makundi ya WhatsApp ya kina mama, kote kwa uhakika uleule. Ni hoja nzuri. Kila ilipopimwa sawasawa, iliwaangusha walioitegemea.

Wa kuangushwa mapema walikuwa wanaume. Marekani, katika miaka ya 1960, watafiti waliwapa estrojeni wanaume waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, kwa mantiki kwamba kinachomlinda mke kitamfaa na mume. Waliopewa dozi kubwa wakazidi kupata mishtuko. Dozi hiyo ikasitishwa 1970, na ile ndogo ikafuata 1973. Ungetarajia watu wasite hapo. Wapi! Homoni iliendelea kuuzwa kwa wanawake kama dawa ya ujana, na sifa ya kulinda moyo ikawa inakua mwaka hadi mwaka.

Iliyoikuza zaidi ni takwimu ya wauguzi. Wauguzi zaidi ya 120,000 wa Marekani walianza kufuatiliwa mwaka 1976, na ripoti ya 1985 ikasema waliotumia homoni waliugua moyo kwa uchache kuliko wenzao. Toleo lilelile la jarida lililoichapisha lilibeba utafiti mwingine, wa mji wa Framingham, uliosema kinyume chake. Upi ulipendwa, kila mtu anaweza kukisia.

Swali lililorukwa ni hili: nani hasa alikuwa akimeza vidonge hivyo? Kwa kawaida ni mwanamke mwenye kipato, aliyesoma, mwembamba kiasi, anayefanya mazoezi, na mwenye daktari anayemwona mara kwa mara. Mtu wa namna hiyo moyo wake ungekuwa na afueni hata angemeza unga wa muhogo. Mwaka 1987 Diana Petitti na wenzake walichungulia vifo vya kundi moja la wanawake wa California wakakuta jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la misiba: waliotumia estrojeni walikufa kwa uchache kwa maradhi ya moyo, na pia walikufa kwa uchache kwa ajali, kwa kujiua na kwa kuuawa. Hakuna kidonge kinachomzuia jambazi. Kilichoonekana pale ni tofauti ya maisha ya wanawake wenyewe, na dawa ikapewa sifa isiyo yake.

Dawa ya ugonjwa huo wa takwimu ni kura. Unawagawa wanawake kwa bahati nasibu, hawa wanapata homoni, wale wanapata kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa, wala hakuna anayejua kapata kipi. Mwaka 1998 matokeo ya wanawake 2,763 wenye maradhi ya moyo tayari yalitolewa: faida hakuna, na mwaka wa kwanza waliokuwa na homoni waliathirika zaidi. Homoni ikatetewa kwamba hao walichelewa, walikuwa wagonjwa. Haya, Julai 2002 ukasimamishwa utafiti wa wanawake 16,608 ambao wengi walikuwa wazima. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia estrojeni pamoja na homoni ya pili, projestini, kwa mwaka mmoja, waliongezeka 7 wa maradhi ya moyo, 8 wa kiharusi, 8 wa damu kuganda mapafuni na 8 wa saratani ya matiti. Waliokwisha kutolewa kizazi, ambao walipewa estrojeni peke yake, moyo wao haukupata nafuu ya kuonekana, na kiharusi kiliongezeka. Nao wakasitishwa 2004.

Watetezi wana jibu, na si la kudharau. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Anayeanza karibu na kukoma kwa hedhi, wanasema, ana mishipa bado laini. Ni kweli kwamba kwa hao madhara ni madogo zaidi. Lakini kupungua kwa madhara hakuwi kinga. Utafiti mmoja uliotoka 2016 ulionyesha ukuta wa mshipa wa shingo ukinenepa polepole zaidi kwa walioanza mapema. Mwingine, wa wanawake 727, haukuona tofauti yoyote. Na unene wa mshipa si mshtuko wa moyo. Wanawake wa ule utafiti mkubwa walipofuatiliwa kwa miaka 18, vifo vya waliotumia na wasiotumia vilikuwa sawa. Hata hivyo Novemba 2025 wakuu wa afya Marekani walitangaza kuondoa maonyo makali kwenye dawa hizi, wakisifia na kinga ya moyo. Kuondoa onyo lililowatia hofu hata wanaohitaji dawa kuna hoja yake. Kuisifia kinga hiyo ni kurudi 1985.

Sisemi homoni ni sumu. Mwanamke anayeamka usiku shuka zimelowa jasho, anayewaka joto ghafla katikati ya kikao, asiyelala wiki nzima, hana dawa inayomsaidia kuliko hii, na mifupa yake itafaidika pia. Asinyimwe kwa hofu ya jumla, wala asipewe bila kuulizwa kama amewahi kupata kiharusi, damu kuganda au saratani ya matiti. Ninachopinga ni muuzaji, awe na koti jeupe au kifurushi cha soya, anayemwambia mama wa miaka 58 asiye na jasho wala joto kwamba moyo wake unadai homoni. Mama huyo mara nyingi hajapimwa presha tangu mtoto wake wa mwisho azaliwe. Presha haiumi, sukari haiumi, na zote mbili zina vipimo vya dakika chache na dawa za bei nafuu zilizothibitishwa kwa kura zilezile zilizoikataa homoni. Akienda kliniki, afungwe kwanza mkanda wa presha mkononi.