Ngazi ya Mvukaji Kwanza, Hoteli Baadaye

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huvuka Mto Pangani pale Korogwe kwa muda usiotosha abiria kufungua chupa yake ya maji. Huyu yuko na simu, yule kasinzia, utingo anabishana na mtu kuhusu mzigo. Chini ya daraja maji yanapita, mazito, rangi ya chai ya maziwa, matete huku na mikuyu iliyoinamia mkondo kule, na hakuna anayegeuza shingo. Kisha abiria huyohuyo, likizo ikifika, anauliza aende wapi akaone mto.

Nilifundisha jiografia katika shule za msingi za huku mpaka nilipostaafu, na makazi yangu ni Kwamndolwa. Wenye mitumbwi wengi nawafahamu; baadhi nimewafundisha, na wachache nimewachapa. Kwa hiyo mtu akipata mgeni anayetaka kutembezwa majini, hunitafuta mimi kwanza. Sina kampuni wala kibali cha kuongoza watalii. Nina mdomo, na nina watu.

Sisi huku mto huu tunauita Ruvu, wala si ule wa Bagamoyo. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yanateremka kandokando ya milima ya Upare na Usambara, yanapokea Mkomazi, na hapa Korogwe yanapokea Lwengera kabla ya kuporomoka Hale na kwenda kumalizikia baharini mjini Pangani. Safari nzima ni kama kilomita 500. Wanafunzi wangu walikuwa wakiimba orodha hiyo bila kukosea hata jina moja, na wengi wao hawakuwahi kupanda mtumbwi. Mto walikuwa wameambiwa jambo moja tu: una mamba.

Ni kweli, una mamba. Hilo nitalirudia, maana wanaotangaza vivutio wana tabia ya kulificha.

Siku hizi kila halmashauri inazungumza utalii. Nimekaa kwenye kikao kimoja ambapo mpango wa kuuendeleza ukingo wa mto uliletwa mezani: lango, kibanda cha tiketi, hoteli yenye baraza linaloning'inia juu ya maji, na maegesho ya magari. Niliuliza mtumbwi utatia nanga wapi. Nikaambiwa hayo ni mambo ya utekelezaji, yatakuja baadaye. Nilinyamaza kwa heshima ya mwenyekiti, lakini hapa gazetini sina sababu ya kunyamaza. Hoja yangu ni kwamba mgeni anayetaka kuuona Ruvu anahitaji vitu vilevile anavyohitaji mama anayevuka kwenda shambani ng'ambo: ngazi imara ya kushukia majini, jaketi okozi, choo, kivuli cha kusubiria, na kibao kinachosema wazi mamba wako wapi. Tukimjengea mvukaji hivyo, mtalii tumekwisha kumjengea. Tukianza na hoteli, mvukaji ataendelea kuteleza kwenye tope na mtoto mgongoni, akitazamwa kutoka barazani.

Wacha niwaambie safari yenyewe ilivyo. Wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, masika ikishapita na maji yakishatulia. Uje asubuhi. Mzee mmoja ninayemtumia ana mtumbwi wa gogo, na anausukuma kwa pondo kwenye maji mafupi, kisha anashika kafi tukiingia penye kina. Hasemi sana. Wageni wakikaa anawapanga kwa uzito bila kuwauliza kilo zao, na hajawahi kukosea. "Mwalimu, huyu mwanao aje katikati," ananiambia, na mwanangu huyo ni mhasibu wa miaka hamsini kutoka Tegeta. Kisha anatoa amri moja: mkono usishuke majini.

Anawapitisha penye migono yake. Anauinua mmoja, anatikisa, anatoa perege wawili au kambare mwenye hasira, anaurudisha. Hapo ndipo wageni huacha kupiga picha za wao wenyewe na kuanza kuuliza. Mgono unasukwa kwa nini? Unaelekezwa upande gani wa mkondo? Kwa nini hapa na si pale? Mzee anajibu kwa kidole. Kulasitara wa kijivu anamjua kwa tabia, na shimo la kenge anakuonyesha. Sijaona bado kijitabu cha utalii chenye nusu ya anayoyajua.

Na perege huyo si samaki wa hivihivi. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, aliwaeleza kisayansi perege wa mto huu, na mmoja akampa jina la mji wetu; leo anaitwa Oreochromis korogwe. Mwingine leo anaitwa Oreochromis pangani. Ni miji mingapi Tanzania imebeba samaki kwenye vitabu vya dunia? Lakini ukimwuliza kijana wa stendi ya Korogwe atakuambia mji wake unajulikana kwa mabasi kusimama. Wataalamu wa karibuni wana wasiwasi kwamba sato aliyeletwa kwa ajili ya mabwawa ya ufugaji anazaana na perege wa asili na kumpoteza. Hilo ni jambo la kumwonyesha mgeni, na la kumwonyesha mtoto wetu kwanza, huku samaki akiwa bado anarukaruka ndani ya mtumbwi.

Historia nayo imelala hapo hapo majini. Mwaka 1857 Burton na Speke, kabla ya safari yao kubwa ya kwenda Ziwa Tanganyika, walipanda kutoka Pangani kuufuata mto huu, wakaenda hadi Vuga kumwona mtawala wa Usambara, Kimweri ya Nyumbai. Karne hiyo watu wa Ruvu walijenga vijiji vyao kwenye visiwa katikati ya mto, ili adui akija ayakute maji mbele yake. Kisha reli ya Wajerumani kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, mkonge ukasambaa bondeni, na mji ukaugeuzia mto mgongo ukaitazama stesheni. Tangu hapo hatujageuka tena.

Twende Hale, maana huko ndiko tunakodanganya zaidi. Picha za maporomoko ya Pangani zinazozunguka kwenye simu ni za kuvutia, na mgeni hufika akitarajia ngurumo. Mara nyingi hukuta miamba mitupu na vidimbwi. Maji yamegeuzwa yakapita chini kwa chini kwenda kuzungusha mitambo: kituo cha Hale cha megawati 21 kilianza mwaka 1964, na cha New Pangani Falls cha megawati 68 kilianza mwaka 1995. Mimi silalamiki. Nimesoma kwa koroboi utotoni, siwezi kuitukana taa. Ninachotaka ni mgeni aambiwe. Mwambie kwamba maporomoko aliyoyafuata yamo ndani ya nyaya juu ya kichwa chake, mwonyeshe mahali maji yanapozama na mahali yanapotokea, naye ataondoka ameona kitu kikubwa kuliko picha. Mgeni aliyedanganywa hutafuta aliyemdanganya, na aghalabu anayemkuta karibu ni mwendesha bodaboda aliyemleta.

Mto huu unafanya kazi. Juu kuna mashamba ya umwagiliaji, katikati kuna umeme na mkonge, na bomba kuu la Handeni, lile HTM lililojengwa miaka ya 1970, linavuta maji humuhumu ili ng'ambo nzima ya Wazigua ipate ndoo. Chini kabisa, mjini Pangani, maji matamu yakipungua bahari hupanda mtoni na wakulima wa kando wanaonja chumvi. Sasa mtu akija na mpango wa kuuza mandhari bila kutaja yote haya, najua anauza ukuta wa picha.

Wenzetu wa Kerala, India, wametutangulia katika biashara ya aina hii. Huko kuna mifereji na maziwa sambamba na pwani, na majahazi ya mbao yaliyokuwa yakibeba mpunga yaligeuzwa, tangu miaka ya 1990, kuwa nyumba za kulala wageni zinazoelea. Wazo zuri sana; fundi wa jahazi alipata kazi tena. Lakini majahazi yaliongezeka, injini zikamwaga mafuta, vyoo vikamwaga vyake, na Ziwa Vembanad, ambalo ndilo wageni walilolifuata, likachafuka. Sisi bado hatujafika huko, tuna bahati ya kuchelewa. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Hoteli yenye baraza juu ya maji inaingiaje hapo? Mkulima wa mchicha aliyelima mita 20 kutoka majini anang'olewa tuta lake, kwa sheria hiyohiyo. Mimi nasema ama wote wawili warudi nyuma, au tusimsumbue mwenye mchicha.

Na suala la fedha. Kuna wakala mmoja wa mjini, simtaji, aliwahi kuleta kundi kwa mzee wangu. Nilikuja kusikia kutoka kwa wageni wenyewe walicholipa kwa hiyo "safari ya mtumbwi". Mzee alikuwa amepewa nauli ya kuvusha watu, bei ileile anayomtoza jirani mwenye jembe. Hakukasirika, alisema kazi ni ileile. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na tangu siku hiyo kila anayekuja kupitia kwangu anampa mzee fedha mkononi, mbele yangu, kabla hajakanyaga mtumbwi. Wenye mitumbwi wakijiunga kikundi, wakaandikishwa, wakawa na bei moja iliyobandikwa ukutani, wakala atakuja kwao na wala hatawapangia.

Gharama ya ninayoyataka si kubwa. Ngazi ya zege yenye mkono wa kushikia, banda la bati, choo cha matundu mawili kilichokaa mbali na maji, kibao chenye picha ya mamba kwa asiyesoma, na jaketi okozi za kutosha mitumbwi ya kivuko kimoja. Hazifikii hata bei ya lango lile lililochorwa kwenye mpango. Kama fedha za mwaka huu ni za kitu kimoja tu, zianze jaketi, na katika jaketi zianze za watoto, kwa sababu ndogo hazipatikani popote huku na wanaovuka na mama zao asubuhi ni wao. Mhasibu wa Tegeta anaweza kununua yake.