MHESHIMIWA AMELETA MAZULIA. JE, ALIPIGA KURA GANI?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, leo nitasema jambo ambalo baadhi ya kamati za misikiti hazitalipenda. Someni mpaka mwisho kabla ya kuandika maoni.

Sisi hapa Kenya tuna mtindo. Mbunge anakuja Ijumaa na msafara wa magari. Anatoa bahasha, anatoa mazulia, anaahidi tangi la maji ya udhu. Kamati inafurahi, na baada ya swala anapewa kipaza sauti. Tunamwombea dua ndefu, tunaitikia amin, anaondoka. Wiki ya pili yake anaingia Bungeni na kupigia kura ushuru ambao utamtoa mama wa mahamri sokoni. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: Mheshimiwa, Mswada wa Fedha unakuja, wewe utasimama upande gani?

Hili si jambo dogo. Zulia ni la maelfu ya shilingi. Kura moja ni ya mabilioni.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha VAT ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Sheria hiyo hiyo ilipandisha ushuru wa mauzo kwa wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Wengi walisikia "asilimia 3" wakaona ni kitu kidogo. Basi fanyeni hesabu. Ushuru huu haukatwi kwenye faida, unakatwa kwenye mauzo yote. Mwenye duka akiuza bidhaa za shilingi milioni 2 kwa mwaka, na faida yake ikawa senti tano kwa kila shilingi, amepata shilingi 100,000. Ushuru ni shilingi 60,000. Amebaki na 40,000 za kula mwaka mzima yeye na watoto. Na akiwa faida yake ni senti mbili kwa shilingi, amepata 40,000 na anadaiwa 60,000. Huyo analipa ushuru kwa hasara yake! Dhulma ni kitu gani kama si hiki?

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Ulitaka ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia yatokanayo na mimea. Ulitaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wakausoma. Wakaufasiri kwa lugha za mitaani na lugha za nyumbani, wakawapigia wabunge simu na kuwajaza jumbe usiku na mchana, wakatoka barabarani. Tarehe 18 Juni, kabla hata ya kura ya mwisho, kamati ya Bunge ilitangaza kuondoa ushuru wa mkate, wa mafuta ya kupikia na wa magari. Lakini mswada wenyewe ukasukumwa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Damu ikamwagika siku ile, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Allah awarehemu waliokufa na awape subira wazazi wao.

Sasa nauliza: siku za Mei, wakati ule mlango wa kutoa maoni ulipokuwa wazi na hakuna risasi wala moshi, misikiti yetu ilikuwa wapi? Mabenki yalipeleka maandishi yao. Wenye viwanda walipeleka maandishi yao, yameandikwa na wanasheria. Mwenye tuktuk na muuza samaki, nani aliwaandikia?

Najua majibu yatakayokuja. Nitayajibu moja moja.

La kwanza: "Shekhe, msikiti si mahali pa siasa. Wewe tufundishe swala."

Ndugu yangu, maneno haya si mapya. Soma Surat Hud, kuanzia aya ya 84. Nabii Shu'ayb (a.s.) aliwaita watu wake wamwabudu Allah, na hapo hapo akawakataza kupunja vipimo na mizani na kupunguza haki za watu. Wakamjibu kwa kejeli: hivi hiyo swala yako ndiyo inayokuamrisha utuingilie kwenye mali zetu? Angalia, hawakukasirishwa na rukuu yake. Walikasirika swala ilipofika sokoni. Anayetaka swala isiyogusa mizani, achunguze anazungumza kwa ulimi wa nani.

La pili: "Tumeamrishwa kuwatii viongozi."

Ndiyo, katika mema. Sayyidna Abu Bakr (r.a.) katika hotuba yake ya kwanza ya ukhalifa aliwataka watu wamsaidie akifanya vizuri na wamnyooshe akipinda. Isitoshe, hapa Kenya twawatii kwa sheria gani? Katiba ya 2010, kifungu cha 1, inasema mamlaka ni ya wananchi. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kwa hivyo unayemwandikia mbunge wako hujaasi. Unatii sheria ambayo yeye mwenyewe ameapa kuilinda.

La tatu: "Ushuru wote ni haramu, tusijadiliane nao kabisa."

Huyu ameshika nusu ya elimu. Kweli ukali juu ya mtoza ushuru wa dhulma umekuja katika hadithi, na umetajwa katika Sahihi Muslim ndani ya kisa cha mwanamke wa Ghamid. Lakini maulamaa wakubwa, akiwemo Imam Ghazali, walijuzisha kiongozi kutoza watu pale hazina inapokuwa tupu na haja ikawa ya kweli. Barabara zinataka pesa, hospitali zinataka dawa, na nchi ina madeni. Hatukatai. Tunauliza masharti.

Na masharti haya yalishawekwa zamani. Mamongolia walipokuwa wanaiendea Misri, muda mfupi kabla ya vita vya Ayn Jalut vya mwaka 658 Hijria, yaani 1260 Miladia, mtawala Qutuz alitaka kuchukua mali za watu agharimie jeshi. Jambo lenyewe ni jihadi, na adui yuko njiani! Pamoja na hayo, Shekhe Izz bin Abdisalam alimwambia: inafaa, kwa sharti hazina iwe imekwisha, na ninyi wakubwa muuze kwanza mikanda yenu ya dhahabu na vifaa vyenu vya fahari, kila askari abaki na kipando chake na silaha yake, mlingane na watu wa kawaida. Hapo ndipo mchukue kwa raia.

Baadaye Imam Nawawi, huyu huyu ambaye hadithi zake 40 watoto wetu wanazihifadhi madrasa, alikataa kutia mkono fatwa ya Sultan Baybars ya kutoza watu, kwa sababu nyumba ya Sultan ilikuwa bado imejaa dhahabu. Na alimwandikia Sultan barua akiwatetea watu wa Damascus juu ya mashamba yao. Alitumia kalamu na wino, kwa jina lake. Hakumtukana, na hakunyamaza.

Basi pimeni wenyewe. Serikali inayosema haina pesa, imeuza mikanda ipi? Misafara imepungua? Safari za nje zimepungua? Posho zimepungua? Mpaka hapo ndipo unaposhika mkate wa yatima.

La nne: "Sisi tutaomba dua tu."

Dua ni silaha ya muumini, na mimi sitakuambia uiache. Lakini Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia afunge kwanza ngamia wake, kisha ategemee. Barua kwa mbunge ndiyo kamba ya ngamia.

Na la tano si jibu, ni tabia: kumtukana mbunge mtandaoni, na mama yake, kisha ukalala ukiona umefanya jihadi. Matusi hayafuti kipengele hata kimoja kwenye mswada, na umejibebea dhambi bure.

Ndugu zangu, Allah katika Surat An-Nisaa aya ya 85 ametufundisha kwamba mwenye kuombea katika jambo jema anapata fungu lake katika jema hilo, na mwenye kuombea katika ovu anabeba sehemu yake. Kwenda kwa mbunge kumsemea mnyonge ni shafaa njema. Na yule anayekwenda kwake kumbembeleza apitishe kipengele kitakachomnufaisha yeye na kumkandamiza jirani, hiyo ni shafaa mbaya hata akivaa kanzu nyeupe. Na akitia bahasha, basi ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa.

Hebu sasa tufanye kazi. Sheria inataka Mswada wa Fedha ufike Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka na upitishwe kabla ya Juni kwisha. Tuna Mei nzima na sehemu ya Juni. Kila msikiti ufanye haya:

1. Watafuteni vijana watatu au wanne waliosoma, waupakue mswada, wausome kipengele kwa kipengele, na wawaeleze watu kwa Kiswahili baada ya Isha.

2. Waiteni wanaoumia wenyewe: mama wa chakula, mwenye duka, dereva wa bodaboda, mvuvi. Na wakina mama wakae mbele, wao ndio wanaojua bei ya unga kila asubuhi.

3. Andikeni maoni kwa Karani wa Bunge la Taifa. Tajeni nambari ya kipengele, kinasema nini, kitamuumiza nani kwa shilingi ngapi, na mnataka kiwekwe nini badala yake. "Tunapinga mswada wote" haifanyi kazi sana. Hesabu inafanya kazi.

4. Nendeni ofisi ya mbunge, kwa adabu, watu kumi wenye ushahidi. Mwulizeni msimamo wake, na mwandike alilojibu mbele yake. Msiende kuomba basari siku hiyo. Haja mbili mkono mmoja, moja itaanguka.

5. Baada ya kura, tazameni jina lake kwenye kumbukumbu za Bunge. Someni mbele ya watu alivyopiga. Akisimama na mnyonge, mshukuruni hadharani, hata kama si wa chama chenu wala si wa dini yenu. Akikuuzeni, semeni pia, bila tusi.

Na kwa kamati za misikiti nina neno moja. Mbunge akija Ijumaa, mkaribisheni kama Muislamu yeyote au mgeni yeyote. Akaswali safu aliyoikuta. Lakini kipaza sauti kisiwe bei ya zulia. Akitaka kuzungumza na watu, azungumze nje ya msikiti, na swali la kwanza liwe kura yake. Akikasirika akarudi na mazulia yake, tutaswali juu ya sakafu. Mtume (s.a.w.) alisujudu juu ya udongo na maji mpaka athari yake ikaonekana kwenye paji la uso wake mtukufu.

Ewe Mola wetu, utukinge tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kunyamaza mbele ya dhulma. Wape viongozi wetu hofu yako, na utupe sisi ulimi wa haki na moyo wa subira. Amin.

Wabillahi tawfiq. Msambazie imamu wako na mwenyekiti wa kamati yako.