Simu na Sauti ya Mwanamke



Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wakili Ory Okolloh akatoa wazo, na Januari 2008 yeye na wenzake, akiwemo Juliana Rotich, wakaanzisha Ushahidi. Mwananchi alituma habari kwa simu au intaneti, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani. Maovu ya gizani yakaanikwa juani.

Lakini simu hizo hizo zilisambaza chuki ya kikabila. Chombo hakina dhamiri. Dhamiri ni ya aliyekishika.

Leo mwanamke agombeapo kiti hutukanwa mitandaoni kwa umbo na ndoa yake, si kwa sera zake. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza unyanyasaji wa namna hiyo, lakini sheria peke yake haijengi heshima. Tukinyamaza, wanawake watajitenga na siasa, na agizo la Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, litabaki wino mtupu.

Enyi wachungaji na wanaharakati, yakemeeni matusi haya mimbarini na mikutanoni, hata yakitoka kwa wafuasi wenu. Haki huanzia nyumbani.