Jino likiuma, usikimbilie koleo

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii ni ya kweli, lakini wengi wetu huielewa nusu nusu. Huifanya kisingizio cha kukaa na mapengo kinywani, ilhali inachotufunza hasa ni kuwa jino ulilojaliwa na Mola halina kifani, na kwa hivyo lafaa kuokolewa kabla halijang'olewa.

Ni jambo la kusikitisha kuwa watu wengi humwendea daktari wa meno wakiwa wamekwisha kata shauri: "Daktari, ng'oa!" Kung'oa ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo. Katika hospitali nyingi za umma, hiyo ndiyo huduma ambayo mgonjwa asiye na uwezo hupata. Lakini msomaji, gharama ya kung'oa haiishii kwa karani wa kupokea pesa.

Gego likiondoka, majirani zake huanza kuinamia pengo. Lile la taya la pili, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, hurefuka polepole. Chakula hunasa katika nafasi mpya na ufizi huvimba. Mfupa wa taya mahali pale nao hupungua. Jino la mbele likitoka, matamshi huharibika na mtu hujizoeza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kijana anayetafuta kazi anajua uchungu wa jambo hilo.

Je, kuna njia gani nyingine? Ikiwa jino limeoza sana au limevunjika, lakini mzizi wake ungali imara, daktari anaweza kulivika taji. Kwanza husafisha sehemu iliyooza, na kama uozo umefika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu, huutibu mzizi. Kisha hulichonga jino kidogo pande zote, huchukua chapa yake na kukuwekea kifuniko cha muda. Fundi wa maabara hutengeneza taji la chuma, la kauri, au la chuma kilichofunikwa kwa kauri. Ukirudi, hugandishwa juu ya jino lako, nawe hutafuna kama kawaida.

Ikiwa jino limekwisha toka, kuna daraja. Kama vile daraja la mto husimama juu ya nguzo mbili, meno ya pande mbili za pengo huvikwa mataji, na katikati yake huning'inia jino bandia lililounganishwa nayo. Halitolewi usiku kama meno bandia ya kuvuliwa. Mataji na madaraja yakitunzwa vyema hudumu miaka kumi au zaidi.

Hata hivyo, usidanganyike kuwa daraja halina hasara. Ili kulijenga, meno ya jirani huchongwa, na jino lililochongwa halirudi lilivyokuwa. Ikiwa majirani hao ni wazima kabisa, muulize daktari kama meno ya kuvuliwa au jino la kupandikizwa kwenye mfupa lingekufaa zaidi. Aidha, taji halizuii uozo pale linapokutana na ufizi. Lazima upige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na upitishe uzi wa kusafishia meno chini ya daraja.

Kuna watakaosema kuwa babu zetu waliishi na mapengo bila taabu. Ni kweli kuwa Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamaasai mawili. Lakini hiyo ilikuwa mila, na magego ya kutafunia hayakuguswa. Sisi tunapoteza magego kwa sukari, soda na uzembe.

Wengine, kwa kuogopa gharama, huwaendea mafundi wa vichochoroni wanaobandika jino bandia kwa gundi kwa bei ya chini. Jihadhari! Vifaa vichafu huambukiza maradhi, na jino lililogandishwa ovyo huozesha yaliyo jirani. Hakikisha anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Serikali nayo haiwezi kukwepa lawama. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifunza madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, kwa hivyo ujuzi tunao. Kinachokosekana katika hospitali nyingi za kaunti ni vifaa, maabara na mafundi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka wa 2024, yafaa ihesabu kuokoa jino kuwa matibabu na wala si urembo wa matajiri. Mkulima wa Bungoma anahitaji magego yake kutafuna mahindi sawa na mkurugenzi wa Nairobi.

Nawe msomaji, usingoje mashavu yavimbe. Jino likianza kukuwasha unapokunywa maji baridi, nenda ukaonwe wakati kuziba tundu dogo kungali kunatosha. Na ukiambiwa ling'olewe, uliza swali moja kabla ya kufungua kinywa: "Daktari, haliwezi kuokolewa?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywani ni ghali.