Leza Ni Kalamu, Siyo Tochi ya Kumulika Mashabiki Machoni

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye shoo yake ya ufukweni jijini Dar iliteka mitandao kwa siku kadhaa. Nyomi lilikuwa la kutosha, muziki ulinoga, na alipoingia na ule wimbo wake unaotamba, mitambo minne ya leza ikafyatua miale ya kijani kutoka jukwaani moja kwa moja hadi kwenye nyuso za watu. Shangwe kila kona. Klipu zikapostiwa usiku uleule, na asubuhi kurasa za udaku zikawa zinaandika kwamba "viwango vya kimataifa" vimetua Bongo.

Mchana wake stori ikabadilika. Shabiki mmoja akalalamika kuwa simu yake mpya, ambayo hata haijamaliza kulipiwa, sasa inaweka mstari wa rangi katikati ya kila picha. Mwingine akasema yake ina kidoa kisichofutika hata ukisugua kioo. Kisha akajitokeza mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa, mwanawe akiwa amekaa mabegani kwa baba yake ili amuone staa vizuri. Aliuliza swali moja tu: kama miale imeua kamera ya simu, jicho la mtoto limefanywa nini?

Timu ya staa ikajibu kwa mkato kwamba hao ni wenye wivu wanaotafuta kiki. Mashabiki wakamshambulia yule mama kwa matusi, siku mbili baadaye kukaibuka penzi jipya la msanii mwingine, na habari ikafa. Swali la mama halikujibiwa.

Ukweli usemwe: lile swali halikuwa la wivu. Kamera na jicho vinafanya kazi inayofanana. Vyote vina lenzi mbele inayokusanya mwanga na kuubana kwenye sehemu ndogo sana nyuma. Mwanga wa balbu hutawanyika pande zote, lakini mwale wa leza huenda mbali ukiwa bado mwembamba. Ukiingia kwenye lenzi, nguvu yake yote inabanwa kwenye kinukta. Kwenye simu, kinukta hicho kinaunguza kihisi cha kamera. Kwenye jicho kinaunguza retina, na retina haina mishipa ya maumivu. Mtu anaweza kurudi nyumbani akicheka, kesho yake akaona giza dogo katikati ya kila anachokitazama.

Watu wanasema jicho linajikinga lenyewe kwa kupepesa. Ni kweli, linapepesa ndani ya kama robo sekunde. Robo sekunde inatosha kwa kile kitochi cha mwalimu cha kuonyeshea ubaoni chenye miliwati 1. Mitambo ya shoo ni kitu kingine kabisa. Leza ikizidi miliwati 500 inahesabiwa kuwa daraja la 4, daraja la juu kuliko yote, na mtambo wa jukwaa wa wati 5 una nguvu mara 5,000 ya kile kitochi. Hapo jicho linapoanza kupepesa, kazi imeshaisha.

Na mfano upo. Julai 2008 huko Urusi, kwenye tamasha la wazi mkoani Vladimir, mvua ilitishia wakaweka turubai juu ya ukumbi. Leza ambazo zilitakiwa kupiga angani zikawa zinapiga ndani, kwa watu. Watu wapatao 30 waliishia kwa madaktari wakiwa na majeraha ya retina, na baadhi yao walipoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Hakuna aliyekwenda pale kwa ubaya. Walikwenda kucheza muziki.

Sasa kuna watakaosoma mpaka hapa na kusema basi leza zipigwe marufuku. Hapana. Hilo nalo ni kosa, na kuna kijana mmoja fundi taa anayethibitisha hivyo kwa vitendo.

Kijana huyu hana ukurasa wenye tiki ya bluu. Anaishi kwa sendofu na harusi, na mtambo wake ni mmoja, mdogo, wa mtumba. Kwenye sendofu moja kule Bagamoyo aliambiwa ukumbi ni bustani yenye mbuyu mkubwa, bajeti ya mapambo imeisha, na baba wa bibi harusi alifariki kabla ya kumuoza mwanawe. Wengine wangejaza puto. Yeye aliomba barua yoyote ya marehemu. Akapewa moja ya zamani, iliyokunjwa kunjwa, yenye sahihi chini. Akaipitisha sahihi ile mstari kwa mstari kwenye programu ya kuchorea.

Usiku, MC aliposema sasa ni zamu ya upande wa baba, taa zikazimwa. Kwenye shina la mbuyu ikaanza kuandikika sahihi ya mzee, taratibu, kana kwamba mkono wake upo pale pale unaandika. Bibi harusi alisimama. Mama yake akashindwa kusimama. Shangazi mmoja, wale wa kukemea kila kitu, alilia mpaka kilemba kikaanguka. Hakuna mwale hata mmoja uliomgusa mtu machoni, maana mtambo ulifungwa juu ya nguzo na ulielekezwa kwenye mti tu.

Hii ndiyo tofauti inayostahili kuongelewa. Staa mwenye mitambo minne alitumia leza kama tochi. Fundi mwenye mmoja aliitumia kama kalamu.

Na kalamu ndiyo asili yake. Ndani ya projekta ya leza kuna vioo viwili vidogo vinavyotikisika kwa kasi kubwa. Kimoja kinausukuma mwale kushoto na kulia, kingine juu na chini. Kinachofika ukutani ni nukta moja tu, ila inakimbia haraka mpaka jicho linaona mstari mzima. Ndiyo maana leza inaandika sahihi vizuri kuliko inavyoonyesha picha ya sura ya mtu. Ukiijazia mistari mingi mno, mchoro unaanza kupepesuka.

Kuna faida nyingine ambayo wapangaji wengi wa shoo hawaijui. Projekta ya kawaida ya video lazima ilengwe umbali fulani. Ukiielekeza kwenye kitu chenye mabonde na matuta, sehemu moja inaonekana safi na nyingine inakuwa na ukungu. Leza haina tabu hiyo. Mwale unabaki mwembamba ukigonga karibu au mbali kidogo, hivyo mchoro unakaa mkali kwenye shina la mti, kwenye mwamba, kwenye ukuta uliobonyea. Yaani ni kifaa kilichoumbwa kwa ajili ya sehemu za ajabu, halafu kinatumiwa kumulika paji la uso wa shabiki aliyelipa kiingilio.

Duniani hili lilishajulikana zamani. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na ilipofika Novemba 1973 watu wa Los Angeles walikuwa tayari wanalipa tiketi kuangalia shoo ya Laserium ikichorwa kwenye kuba la Griffith Observatory. Kule Georgia, Marekani, mwaka 1983 walianza kuchora kwenye uso wa mlima wa mawe wa Stone Mountain. Kwenye bwawa la Grand Coulee, jimbo la Washington, maji yalikuwa yakifunguliwa yatiririke juu ya ukuta wa bwawa, na yale maji meupe ndiyo yaliyogeuka skrini. Mlima, bwawa, kuba. Watu walikaa chini na familia zao, wakatazama mbele, na mwale ukaenda kule kwenye jiwe.

Sasa geuza macho pwani ya huku. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, una kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Chokaa ni nyeupe na haing'ai, inarudisha mwanga kwa upole kila upande. Mchoro wa mwanga hauhitaji msumari wala rangi, ukizimwa ukuta unabaki ulivyokuwa, mradi wenye dhamana wameombwa ruhusa. Kuna tanga la jahazi, kitambaa kinachopumua na upepo. Na kuna chandarua, kile kile cha kulalia. Kitundike kwenye giza, pitisha mwale: nyuzi zinashika mwanga kiasi na kuuachia kiasi, na mchoro unaonekana kama unaelea hewani. Fundi yule alishafanya hivyo kwenye kitchen party moja, na wageni walidhani amekodi mtambo wa mamilioni.

Si kila kitu kinafaa, na hapo ndipo ujuzi unapotakiwa. Kitambaa cheusi kinameza mwanga. Vioo, vigae vinavyong'aa, vyuma vya jukwaa na chupa za mezani vinaurudisha mwale ukiwa bado na nguvu, kwenda kusikojulikana. Bahari iliyotulia nayo ni kioo tu. Hata moshi wa mashine, ule unaofanya miale ionekane hewani, hauipunguzi leza makali ya maana, unaifanya ionekane tu. Na ukipiga miale angani bila mpango, juu kuna ndege. Marekani peke yake, marubani waliripoti kumulikwa na leza zaidi ya mara 13,000 mwaka 2023, na ndege zinazoshuka Uwanja wa Julius Nyerere zinapita juu ya makazi ya watu. Ufukweni nako, pale ambapo kasa hutaga, mwanga mkali usiku unawapoteza vitoto vyao njia ya kwenda majini.

Watetezi wa staa wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema shabiki anataka kuguswa na mwanga, anataka awe ndani ya shoo, hajaja kutazama ukuta. Ni kweli, hisia ile ya kuwa katikati ya miale ni tamu, na kuna nchi wanafanya hivyo kihalali. Lakini wanaofanya hivyo hupima nguvu ya mwale pale pale anaposimama mtu, hutumia vifaa vinavyozima leza papo hapo nukta ikikwama, na huweka mtu mwenye kitufe cha dharura mkononi. Shoo ya ufukweni ilikuwa na nani? Kwa maelezo ya waliokuwepo, mitambo iliwekwa usawa wa kifua na aliyekuwa akiiendesha alikuwa DJ, huku anachanganya nyimbo.

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Mapromota wengi wako radhi kununua mtambo kwa bei mbaya, ila mtu wa kuuendesha wanamtafuta wa bure. Mtambo unapigwa picha na kupostiwa, fundi anapewa soda na nauli. Msanii ana mtu wa nywele, mtu wa nguo, mtu wa viatu na mtu wa kumshikia simu, lakini hana mtu wa kulinda macho ya watu 5,000 waliomfanya awe staa. Yule kijana wa Bagamoyo alishapeleka kazi zake kwa menejimenti moja kubwa tu mjini. Aliambiwa asubiri kupigiwa. Bado anasubiri.

Kinachotakiwa si kikubwa. Mitambo ifungwe juu ya vichwa na ilenge kitu, isilenge watu. Fundi aliyesomea alipwe kama anavyolipwa mpiga gitaa, na jina lake litajwe. Kabla ya milango kufunguliwa, mtu azunguke uwanja mzima kuangalia mwale unaangukia wapi na unarudi kutoka kwenye nini. Na shabiki naye ajilinde: mwale ukija usoni, usiushindanie kwa simu. Geuka. Aliyebeba mtoto amshushe.

Staa huyu ana shoo nyingine ya sikukuu, na mabango yake tayari yanaahidi leza "mara mbili ya zile za kwanza". Nguvu ya kubadilisha mambo anayo. Akisema neno moja kwa promota, mitambo itageuzwa. Amtafute yule kijana wa mbuyu, ampe ukuta, mti au tanga, aone kama hatapata klipu kali kuliko zote alizowahi kuposti. Na akishamaliza, amjibu yule mama. Maana mtoto bado yupo, na mama yake kila asubuhi anamfunika jicho moja kwa kiganja, anamuuliza hivi ni vidole vingapi.

Wewe uliyewahi kusimama mbele ya miale hiyo, ulitoka na kumbukumbu au ulitoka na doa?